Majani ya Kwaresima

Jumatatu, 24 Februari

Mbuzi wameshushwa saa nne asubuhi. Ni sita, kila mmoja na herini ya plastiki ya njano yenye namba, na kila mmoja anachechemea mguu wa nyuma wa kulia. Wametoka Mwanza kwa gari wakilala njiani Biharamulo, na bado walikuwa na nguvu ya kutafuna ua wa jirani yangu Alfonce kabla ya kamba kufungwa.

Daftari hili ni jipya, kwa hiyo nianze na maelezo. Lile la zamani lilijaa ugomvi wangu na mhariri aliyekata makala yangu nusu na kuiita barua ya msomaji.

Deodata, binti wa marehemu kaka yangu, ni daktari wa mifugo, na sasa anasomea shahada ya juu kabisa. Kazi yake ni gegedu, lile tabaka jeupe, gumu na lenye utelezi linalofunika ncha za mifupa isisagane. Gegedu likichimbika haliponi lenyewe. Mwezi Desemba Deodata aliwachoma mbuzi hawa sindano ya nyonga, akavuta uboho, akatenga seli shina, yaani seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Akazipanda kwenye kiunzi, kipande cha sponji chenye ukubwa wa punje ya hindi, alichokitengeneza kwa ngozi ya sangara. Kina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na seli huingia humo kama wapangaji wanaogawana vyumba. Wiki tano alizilisha ndani ya kabati la joto, mpaka zikaanza kujenga gegedu lao. Tarehe tatu mwezi huu akachimba tundu kwenye goti la kila mbuzi, akaliziba kwa kipande kilichooteshwa kwa seli zake mbuzi huyo mwenyewe.

Mwishoni mwa Aprili watachinjwa na magoti kufunguliwa. Matundu yakikutwa yamejaa gegedu zuri, Deodata ataomba ruhusa ya kuanza na watu. Yakikutwa matupu, miaka yake minne imekwenda na maji.

Sijamwambia kwamba katika foleni ya watu, kama foleni hiyo itakuwepo, nimesimama wa kwanza. Goti langu la kulia liliharibika nilipoanguka na pikipiki, miaka kumi na moja iliyopita. Nina umri wa miaka hamsini na tatu na natembea na fimbo kama bibi yangu alivyotembea akiwa na themanini.

Nilimwomba mbuzi nikae nao mimi. Akacheka.

"Shangazi, wewe utabishana hata na mbuzi."

Akawapa Alfonce kwa utaratibu wetu wa kuragiza: jirani anakulishia mfugo, naye hupata mzao. Hawa hawatazaa, kwa hiyo Alfonce ameahidiwa mbuzi jike. Jioni Deodata amerudi Mwanza. Ana kundi la pili la seli kwenye kabati na haliwezi kukaa siku mbili bila kulishwa.

Alhamisi, 27 Februari

Leo nimeona kwa macho yangu. Alfonce anawapandisha mbuzi wale mlimani hadi kwenye mnara wa simu. Wagonjwa wa goti. Mlima ule hata mimi kabla ya ajali nilikuwa napumzika mara mbili.

Nilimsubiri barabarani. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mbili, nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee Alfonce."

"Marahaba, Mwalimu. Goti?"

"Langu lipo. Hayo sita unayapeleka wapi?"

"Mnarani."

"Kufanya nini? Kupiga simu?"

"Daktari amesema wapande. Asubuhi na jioni."

"Daktari gani huyo anayemwambia mgonjwa apande mlima?"

"Wa kwenu," akasema. "Nina karatasi yake. Nikuletee uisome?"

"Karatasi hata mimi naandika, Alfonce."

Akawachapa mbuzi wake kidogo kwa kijiti, wakaendelea. Namba tatu alikuwa akinyanyua mguu kila hatua ya tatu. Nilihisi goti langu mwenyewe likisagwa. Namjua Alfonce. Kukata majani na kuwabebea mbuzi bandani ni kazi. Kuwafungulia wajilishe mlimani ni uvivu uliovaa koti la daktari.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua tangu alfajiri. Maharage yamesimama vizuri.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeandika makala kuhusu wale wanaouza unga wa "seli shina" kwenye makopo sokoni, wanaodai ukikoroga kwenye uji goti linaota upya. Nimewaita wezi wenye lebo. Seli shina haikai kwenye kopo kama majani ya chai. Ni kitu hai, inataka joto, chakula, na mahali pa kushika. Deodata amenifundisha hayo kwa jumbe ndefu za sauti kwenye simu, nami nimeyaandika vizuri kuliko yeye anavyoyasema.

Mbuzi wamepita mara mbili. Namba tatu bado.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Padri amesema Kwaresima bila matendo ya huruma ni njaa tu. Safari hii nakubaliana naye, jambo ambalo halitokei kila mwaka.

Jumamosi, 8 Machi

Jumuiya ilisali kwa mama Uwimana, mwenyekiti wetu. Kaya ishirini na moja, watu karibu arobaini, wengine wamekaa kwenye magunia chini. Ilipofika saa ya kuuliza tendo letu la huruma la Kwaresima hii, nikaomba nafasi.

Nilisimama na fimbo yangu. Nikasema kuna wagonjwa sita katika jumuiya hii na hakuna aliyekwenda kuwatazama. Wakageuziana macho. Nikasema wamepasuliwa magoti, wametoka mbali, wako ugenini, na kila siku mara mbili wanachapwa wapande mlima. Nikasema mtu anayempenda Mungu juu ya madhabahu na kumchapa kiumbe chake kilema barabarani ana dini ya Jumapili. Nikasema, kama hawa wangekuwa ng'ombe wa mtu mkubwa, wangekuwa wamelala kwenye majani laini. Nilisema mengi. Niseme kweli, nilisema vizuri. Mama mmoja alijifuta macho.

Alfonce alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mkewe Nimpaye alinyoosha mkono.

"Lakini karatasi ya daktari inasema—"

"Mama Nimpaye," nikamkatiza, "karatasi haina goti. Mimi ninalo."

Watu walicheka. Nimpaye akaketi.

Mama Uwimana, ambaye hajui kuchelewesha jambo, akapanga hapohapo. Mbuzi wafungwe bandani mpaka Pasaka. Kila kaya siku yake italeta mizigo mitatu ya majani. Litakuwa tendo letu la huruma. Akamgeukia Alfonce.

"Baba, wewe utapumzika na mlima. Unasemaje?"

"Kama jumuiya imesema," akajibu.

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi kama msichana.

Jumanne, 11 Machi

Zamu ya kwanza. Matete mabichi, yamekatwa vipandevipande kama kachumbari. Mbuzi wamelala wanacheua. Hakuna anayechechemea, maana hakuna anayetembea.

Ijumaa, 14 Machi

Deodata alipaswa kuja leo kuwakagua. Hakuja. Umeme ulikatika kule siku mbili mfululizo, jenereta likagoma, kabati likapoa, na aliporudisha joto akakuta kuvu limeota kwenye visahani vinne. Analala maabara akijaribu kuokoa vilivyobaki. Sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Mbuzi wangu wanaendeleaje, Shangazi?"

"Wanatunzwa kama wafalme. Hata ungekuwepo usingewatunza hivyo."

"Alfonce namwamini," akasema. "Nilimpigia juzi akaniambia wanakula vizuri."

Sikumsahihisha kuhusu nani wa kushukuriwa. Nilifikiri nitamwachia alione mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Mvua.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Barabara ya chini imekatika, gari la mkaa limelala ubavu. Majani yamefika hata hivyo, yamebebwa kichwani na mama mjamzito. Nimeandika kuhusu hilo, sijui nani atachapisha.

Jumamosi, 22 Machi

Jumuiya kwa Alfonce mwenyewe. Watu walipita bandani kabla ya sala kama wanaotazama mtoto mchanga. Mbuzi wamenona, manyoya yanang'aa. Kwato zimerefuka mpaka zimepinda mbele kama viatu vya kizamani. Mama Uwimana aliwashika mashavu mmoja mmoja.

"Mwalimu, hawa sasa wana furaha."

"Wana haki," nikasema.

Nimpaye alinipa chai bila kuniangalia. Namwelewa. Nilimwaibisha mumewe. Lakini kama aibu ndiyo dawa, na imeponya sita, basi nitaigawa tena.

Jumatano, 26 Machi

Goti langu limevimba. Nimelala.

Jumatatu, 31 Machi

Kipo kitu kidogo nimekiona na sikukipenda. Paja la kulia la namba tatu limekonda kuliko la kushoto. Nilimwonyesha Alfonce.

"Nimeliona," akasema.

"Mbona husemi?"

"Kwa nani, Mwalimu?"

Nilitafuta jibu njia nzima, nikakuta kwamba ninalo lakini si la kumfurahisha mtu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepalilia kwa kukaa kwenye kigoda na kujisogeza. Mwenye goti zima hajui mstari wa maharage una urefu gani.

Jumapili, 6 Aprili

Mhariri amerudisha makala ya makopo. Anasema ina ukali usio wa lazima. Nimemjibu kwa ukali wa lazima.

Jumamosi, 12 Aprili

Wiki ya tano ya majani. Hakuna kaya iliyoruka zamu, hata ile iliyofiwa. Sijawahi kuona jumuiya hii ikikubaliana jambo kwa wiki tano. Nimeishi Bukiriro maisha yangu yote nikipigana nayo: kuhusu kisima, kuhusu kwaya, kuhusu kuwatoa wasichana shuleni. Leo nilikaa kati yao nikawapenda, na nikahisi wananipenda. Sijazoea. Ni kama kuvaa gauni la mtu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Njia ya Msalaba tulipanda mlima, mimi nikabaki kituo cha tatu. Alfonce alibeba msalaba sehemu yake. Anapanda haraka kwa mzee aliyepumzishwa mlima mwezi na nusu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Jua.

Jumanne, 22 Aprili

Deodata alifika saa sita mchana, amekonda, na sanduku lake la vifaa; safari hii seli zake amemwachia msaidizi azilishe. Nilimpeleka bandani mwenyewe. Nilitaka kuona uso wake. Alisimama mlangoni. Kitu cha kwanza alichotazama ni kwato.

"Hawa hawajatembea," akasema.

"Wamepumzishwa," nikasema. "Tangu Kwaresima ianze. Jumuiya nzima imeleta majani."

Aliingia, akapiga magoti kwenye samadi, akampapasa namba moja paja, akamkunja goti, akamkunjua. Akaenda kwa namba mbili. Alifanya hivyo kwa wote sita, na mimi nikaendelea kuzungumza: zamu, kaya ishirini na moja, mama mjamzito kwenye mvua. Alipomfikia namba nne alikaa naye zaidi, akamgeuza kwato, akanyanyua kichwa kumtafuta Alfonce kwa macho. Alfonce alikuwa amesimama nje ameshika kofia.

Kisha Deodata akatoka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shangazi, gegedu halina damu," akasema. "Hata mshipa mmoja. Unajua linakula vipi?"

"Hujanieleza."

"Linakula kwa kukanyagwa. Ukikanyaga linaminywa, linatema uchafu. Ukiinua mguu linanyonya majimaji ya goti, na chakula kiko humo. Kukanyaga, kuinua. Kama sponji kwenye beseni. Zile seli niliziweka kwenye kiunzi zikiwa changa. Wiki tatu za kwanza zinataka utulivu, ndiyo maana niliwafungia Mwanza. Baada ya hapo zinataka uzito. Zisipopata uzito zinafikiri hazihitajiki, zinatengeneza kovu, au zinakufa. Kwa nini unafikiri niliwaleta huku? Mwanza nina zizi la saruji, na dawa, na wasaidizi. Nilikuja huku kwa sababu ya mlima."

Nimpaye akatoka ndani na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Hakunipa mimi, alimpa Deodata. Deodata akaniwekea mkononi. Mistari tisa, kwa Kiswahili cha kueleweka na mtoto wa darasa la tatu. Wa kwanza unasema: *Mbuzi watembezwe mlimani asubuhi na jioni kila siku, hata wakichechemea.* Maneno mawili ya mwisho yamepigiwa mstari.

"Nani aliamua?" Deodata akauliza.

Nilimtazama Alfonce. Alikuwa na kila haki ya kusema. Akaivaa kofia yake.

"Jumuiya," akasema.

"Mimi," nikasema.

Deodata hakunifokea, na mimi najua kujibu mtu anayefoka. Alikunja karatasi, akauliza kama kuna maji ya kunawa.

Jumatano, 23 Aprili

Asubuhi nilikwenda kumwambia Deodata aongeze muda. Wiki sita zaidi, mbuzi wapande mlima, nitawalipia hata kwa kuwabeba. Alikuwa amekwishampigia profesa wake. Kibali cha kamati inayoruhusu utafiti ni wiki kumi na mbili tangu upasuaji, zinaisha Jumatatu. Ukibadilisha siku baada ya kuona mambo yameharibika, unakuwa unatafuta jibu unalolipenda.

"Hata kama jibu lingine ni la kweli?"

"Hasa hapo," akasema.

Nimeishi kwa kuwatukana watu wanaochagua ushahidi. Nilikuwa nakwenda kuwa mmoja wao kabla ya chai.

Alhamisi, 24 Aprili

Sikuandika kitu. Sikusoma kitu.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimpaye alinikuta kwenye maharage. Hakuketi. Aliongea akiwa amesimama nyuma yangu, labda ili asinione.

"Mwalimu, ujue jambo moja kabla ya Jumatatu, usije ukashangaa mbele za watu. Namba nne ametembea."

"Ametembea vipi?"

"Mzee alikuwa anamtoa alfajiri, kabla watu wa majani hawajafika. Anakwenda naye mnarani anarudi. Jioni tena, giza likianza. Kila siku."

"Kwa nini namba nne?"

"Ndiye hapigi kelele."

"Na kwa nini mmoja?"

"Alisema akikamatwa na mmoja, atasema ametoroka. Akikamatwa na sita utamwandika gazetini."

Akaendelea, sauti ileile ya mtu anayehesabu mayai.

"Alimpa mtoto wa watu ahadi. Na jumuiya akaipa ahadi. Amekuwa halali vizuri. Mimi nilimwambia mpigie Deodata umwambie ukweli. Akasema, nikimwambia, nitakuwa nimemshtaki shangazi yake. Wewe usingefanya hivyo, Mwalimu. Wewe ungemshtaki."

Akaenda zake. Alikuwa amesema kweli, na nilibaki na magugu mkononi nikitafuta hata kesi moja maishani mwangu ambapo nilinyamaza ili mtu mwingine asiaibike. Sikuipata.

Jumatatu, 28 Aprili

Walichinjwa saa mbili asubuhi, baada ya sindano ya usingizi. Alfonce alichimba shimo jana, maana nyama yenye dawa hailiwi. Watu walikuja kutazama shimo. Mbuzi sita wanene wanazikwa, na wengine nyama huionja Krismasi na Pasaka tu. Hakuna aliyeuliza kwa sauti.

Deodata aliweka meza chini ya bati la Alfonce. Alinitaka nikae, nishike daftari lake, niandike anachosema, maana mikono yake imevaa glovu. Nadhani angeweza kumpata mtu mwingine. Nadhani alinitaka mimi.

Namba moja. Goti likafunguka. Gegedu la kawaida, pembeni, jeupe kama ganda la yai. Katikati, pale tundu lilipokuwa, kitu cha rangi ya maziwa yaliyochacha. Akakigusa kwa kijiti cha chuma chenye ncha butu, kikazama. "Laini. Kingo hazijashikana. Andika: robo." Nikaandika robo.

Namba mbili. Tundu limejaa nusu, kovu jekundu. Lakini upande mmoja umeshika vizuri. Hakuelewa kwa nini. "Andika ulichoona, usiandike sababu."

Namba tatu, yule niliyemlilia mbele ya jumuiya. Kiunzi kilikuwa kimechomoka, kinaelea ndani ya goti, kijipande cha ngozi ya sangara bila mpangaji. Tundu tupu hadi mfupani.

Akapumua. "Sifuri."

Nikaandika sifuri. Kalamu ilitoboa karatasi.

Namba nne. Deodata aliinama zaidi, Alfonce akasogea. Tundu lilikuwa limejaa. Jeupe, linang'aa, ncha ya chuma ikateleza juu yake. Ungelazimika kuambiwa lilipokuwa. Ukingo mmoja tu ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Robo tatu na zaidi," akasema. "Shangazi, andika."

Nilikuwa naandika, lakini nilikuwa nasikia kitu kikinipanda kifuani, na hakikuwa huzuni. Nilinyanyua kichwa.

"Inaonyesha!" nikasema. "Huyu ametembea. Deodata, inaonyesha kila kitu. Mmoja ametembea, ana goti. Watano hawakutembea—"

"Mmoja ni habari, si ushahidi." Hakuinua macho. "Labda seli zake zilikuwa nzuri zaidi. Labda nilimpasua vizuri zaidi, alikuwa wa nne, mkono wangu ulikuwa umezoea. Na namba mbili ameshika upande mmoja na hajatoka bandani. Ukiniambia mlima, nitakuuliza namba mbili."

Namba tano, robo. Namba sita, chini ya robo.

Alfonce alifukia shimo peke yake. Nilitaka kusaidia kwa kushika kitu, chochote, koleo lake la pili. Akaniambia, "Kaa, Mwalimu, goti lako." Hakuwa ananikejeli. Ndiyo ubaya wake.

Ijumaa, 2 Mei

Deodata ametuma taarifa. Amenisomea kabla ya kuituma. Imesema mbuzi watano kati ya sita walifungwa kwa siku arobaini na tano kinyume na utaratibu, kutokana na uamuzi wa jamii ulioshawishiwa na ndugu wa mtafiti. Nilimuuliza kwa nini asiandike jina langu.

"Kwenye taarifa za kisayansi hatuandiki majina ya watu wanaokosea."

"Kwenye magazeti tunaandika," nikasema.

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu aje. Kisha akaniambia kilichoamuliwa. Kamati haitazungumzia majaribio kwa watu kwa sasa. Atarudia na mbuzi wengine sita kuanzia Oktoba, na wengine sita wasiotembezwa kabisa ili walinganishwe. Hao wa pili watakaa Mwanza kwenye saruji. Watu, labda mwaka wa tatu kuanzia sasa. Labda wa nne.

"Ulikuwa unalisubiri, sivyo?" akasema. "Goti lako."

"Nani kasema?"

"Shangazi, unaniuliza habari za mbuzi mara tatu kwa wiki. Na hupendi mbuzi." Akalishika goti langu, akalikunja taratibu kama alivyomkunja namba moja. Nilisikia linasaga. Najua naye alisikia. "Hata tungefaulu, wewe usingeingia. Mimi nilikuwa nataka tundu dogo kwenye goti zima. Lako limechakaa lote. Hakuna ukingo wa kushikia."

Miaka miwili nilikuwa kwenye foleni isiyokuwa yangu. Nilimwambia nilijua. Sikujua.

Jumamosi, 10 Mei

Jumuiya kwa mama Uwimana. Nilikuwa nimeandika kurasa nne. Nilipofika nikaona kurasa nne ni za kujitetea, nikaziacha kwenye mkoba.

Niliwaambia wamefanya walichoombwa na mimi ndiye niliyeomba. Kwamba karatasi ilikuwepo na nilikataa kuisoma. Kwamba mama Nimpaye alitaka kusema na niliwachekesha watu ili asiseme. Nikaeleza gegedu linavyokula. Nikamwomba msamaha Alfonce kwa jina na Nimpaye kwa jina.

Mama Uwimana alikuwa anachezea rozari.

"Kwa hiyo yale majani yetu yaliwaharibu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nakata usiku bado haujaisha. Na mgongo huu."

"Ndiyo, mama."

"Bora ungetuacha tufunge kula tu," akasema, na watu wawili watatu wakacheka kwa shida. Yule mama mjamzito, ambaye sasa amejifungua, hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayeangalia barabara iliyomkatikia. Ningependa anitukane.

Deodata, aliyekuwa mlangoni, akasema mbuzi wengine watakuja Oktoba, na anaomba mzee Alfonce awapokee. Alfonce alisimama. Sikumbuki kumwona akisimama kwenye jumuiya kwa hiari.

"Nitawapokea," akasema. "Lakini mwaka huu nimepanda mlima kwa kujificha kama mwizi, na sitaki tena. Mwalimu apande nami. Mara moja kwa juma, siku atakayopenda. Watu wamwone. Akionekana yeye anapandisha mbuzi wanaochechemea, hakuna atakayeleta majani."

"Mzee, goti lake halifai," Deodata akaanza.

"Namjua. Hata akifika nusu."

Wote wakanigeukia. Deodata alikuwa ananitikisia kichwa. Nilikuwa na hoja sita za kukataa, zote za kitabibu, zote za kweli.

"Nitapanda," nikasema.

Jumapili, 18 Mei

Mvua zimekwisha. Leo baada ya misa nilijaribu mlima, bila mbuzi, kujua nikoje. Saa moja na dakika ishirini kufika nusu, pale kwenye mikaratusi. Nilisimama mara saba. Goti limekuwa kama nazi. Deodata amenionya kwa simu kwamba kwangu mimi kukanyaga hakulishi kitu tena, kunamaliza tu. Nimemjibu nimeelewa, na nimeelewa.

Njiani walinikuta watu wa jumuiya wakitoka kanisani. Mmoja akavua kanga akaikunja juu ya jiwe.

"Kaa, Mwalimu, upumzike. Hatuna haraka, tutakushusha."

Walikuwa wanne, wamenyoosha mikono, nyuso za wema kabisa. Niliwaambia watangulie. Walikwenda wakigeuka nyuma kila hatua chache, na mmoja wao nilimsikia akiuliza wenzake kama hapa pia kuna karatasi ya daktari.